Sura ya Saba: Operesheni

Ukiwa Hulugho ukaambiwa fulani "yuko operesheni", uliza swali la pili kabla ya kumwombea dua. Huenda ni mama mjamzito aliyekimbizwa Masalani au Garissa mjini baada ya uchungu kumshinda. Huenda ni askari aliyepangiwa kazi katika msitu wa Boni, ambaye jamaa zake Kisii au Kitui hawajasikia sauti yake tangu mwezi uliopita. Huenda pia ni polisi wa akiba, mtoto wa hapo hapo, aliyekabidhiwa bunduki ya serikali na kuwekwa kwenye kizuizi cha barabarani. Wote watatu wako operesheni. Neno limetoka Uingereza, likaongezewa irabu za kwetu, likaingia ngeli ya I-ZI bila kudaiwa cheti, na leo hakuna anayelitazama kwa jicho la kumtazama mgeni.

Sura hii inalihusu neno hilo moja. Katika maneno yote ya Kiingereza yaliyohamia Kiswahili, nina shaka kama kuna lingine lililotumikishwa sana hivi, tena na wakubwa wawili wasiofanana: hospitali na jeshi. Nimeipeleka sura Hulugho kwa sababu huko wakubwa hao hupishana kwenye barabara moja ya vumbi.

Hulugho ni kaunti ndogo ya Garissa, kusini-mashariki kabisa, ndani ya eneobunge la Ijara. Mashariki ni mpaka wa Somalia, na ng'ambo yake ni Kolbio. Kusini ni msitu wa Boni, unaovuka na kuingia kaunti ya Lamu. Wakazi wengi ni Wasomali wafugaji, wenye ng'ombe na mbuzi, wanaoisubiri mvua ya gu na kuivumilia jilaal, kiangazi kirefu kinachoitangulia. Msituni na pembezoni mwake wako Waaweer, ambao majirani huwaita Waboni, warina asali na wawindaji wa tangu zamani. Kwa wengi wao Kiswahili si lugha ya nyumbani. Ni lugha ya shule, ya duka, ya baraza la chifu na ya askari, kwa hiyo kila neno lake lililofika huko lilibebwa na mtu fulani mwenye shughuli fulani. Operesheni ililetwa na watu wa aina mbili: wa makoti meupe na wa sare za mabaka.

Asili ya neno lenyewe ni kazi. Kilatini kina opus, yaani kazi, na kitenzi operari, kufanya kazi. Kutoka hapo Waitaliano walipata opera ya waimbaji wao, Waingereza wakapata operation kwa kupitia Kifaransa, na sisi tukapata opereta wa simu. Hata ushirika wa kahawa na pamba, ambao Waingereza waliupa jina lenye maana ya kufanya kazi pamoja, ni ndugu yake wa tumbo moja. Kwa muda mrefu neno hilo halikuwa na ukali wowote. Dawa ikifanya kazi mwilini, akili ikiwaza, nyota ikidhaniwa kumwathiri mtu, yote hayo yaliitwa hivyo. Katika hesabu limebaki na upole wake hadi leo. Mwanafunzi wa Tanzania aliyekariri MAGAZIJUTO, yaani mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, alikuwa akijifunza utaratibu wa operesheni bila kuambiwa, kwa kuwa mwalimu wake aliziita matendo.

Madaktari wa upasuaji walilichukua karne ya 16 ikielekea ukingoni. Wanajeshi wakalifuata katika karne ya 18. Mimi naona waliliendea kwa haja moja. Kumkata mtu kwa kisu ni jambo zito kulitamka mbele ya mgonjwa, na kuwapeleka vijana wakaue au wauawe ni zito kulitamka mbele ya wazazi wao. "Kazi" inatamkika. Waingereza walikwenda mbali hata wakazipa kazi zote mbili chumba kimoja: anapopasuliwa mgonjwa ni thieta, na eneo zima la vita nalo ni thieta, jina lile lile la ukumbi wa maigizo.

Inafurahisha kwamba vijana wetu wamelirudisha neno kwa mama yake bila kumjua. Mwenye bodaboda Garissa mjini atakwambia yeye "huoperate" pale karibu na soko. Fundi simu "anaoperate" kibandani kwa shemeji yake. Hawamaanishi kisu wala bunduki. Wanamaanisha hapo ndipo wanapochumia riziki, na Mrumi wa kale angewaelewa.

Ukitaka kujua Kiingereza chenyewe kinalionaje neno hili, tazama vihusishi vyake. Mashine huendeshwa moja kwa moja, haihitaji kihusishi. Mgonjwa anadai on: daktari hufanya kazi juu yake. Jeshi hudai in: hufanya kazi ndani ya wilaya, ndani ya msitu, ndani ya mtaa. Vineno hivyo vya herufi mbilimbili vimebeba siasa nzima. Operesheni ya hospitali haikamiliki bila mtu. Ya usalama hutosheka na mahali.

Kiswahili kimeipokea tofauti hiyo kwa njia yake. Daktari anamfanyia mtu operesheni. Serikali inafanya operesheni Hulugho, inafanya operesheni Boni, inafanya operesheni Eastleigh jijini Nairobi. Katika sentensi ya kwanza kuna -m- ya mtendewa, na ukiiondoa sentensi inalemaa. Ya pili inasimama vizuri bila mtu yeyote ndani yake, utadhani msitu ndio utakaoamshwa saa tisa usiku na kutakiwa utoe kitambulisho.

Lakini wenyeji hawakukubali kufutwa kwenye sarufi. Msikilize mzee aliyepitia misukosuko ya kaskazini-mashariki akisimulia, utamsikia akisema: tulifanyiwa operesheni. Amejiingiza mwenyewe, kwa wingi, katika kauli ya kutendewa. Na hapo lugha yetu ina hekima ambayo Kiingereza hakina, kwa sababu kufanyiwa hakusemi kama uliyofanyiwa ni mema au mabaya. Mtu hufanyiwa harusi, hufanyiwa dua, hufanyiwa hila, hufanyiwa unyama. Kitenzi kinabaki kile kile, na mwenye kujua uzito wake ni aliyefanyiwa.

Nyumbani kwake mzee huyo hana shida hii hata kidogo. Kisomali kina maneno mawili tofauti. Upasuaji wa hospitali ni qalliin, na mzizi wake, qal, ni wa kuchinja na kupasua mnyama. Hakuna anayefichwa kitu. Operesheni ya kijeshi ni hawlgal, neno lililoungwa kwa hawl, kazi, na gal, ingia. Kuingia kazini! Wasomali na Warumi walifika kwenye kazi ile ile, kila mmoja kwa njia yake, walipotafuta neno la kuwapeleka watu wenye silaha mahali fulani. Nasi tunayo yetu tukiyataka: upasuaji, msako, doria. Hospitalini upasuaji umeshika vizuri, hasa Tanzania. Msako haukubahatika hivyo, na sababu yake nitaifikia.

Kwanza tuingie thieta, maana mambo ya huko yanaonekana kwa macho.

Kabla mgonjwa hajasukumwa kwenye kitanda cha magurudumu kuna fomu ya idhini. Ina jina lake, umri wake, kitakachofanywa, na nafasi ya sahihi. Asiyejua kuandika huweka kidole gumba. Akiwa hajiwezi, jamaa yake hutia sahihi kwa niaba yake. Halafu ipo orodha ya usalama wa upasuaji ambayo Shirika la Afya Duniani liliitoa mwaka 2008 na ambayo imeenea duniani kote. Ina vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, ile ambayo wazee wetu waliiita nusu kaputi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Katika kituo cha pili kila aliyemo hutaja jina lake na kazi yake. Ndiyo, hata daktari bingwa anayejulikana na kila mtu. Kisha wanathibitisha kwa sauti: mgonjwa ni nani, anapasuliwa nini, upande upi. Katika kituo cha tatu muuguzi huhesabu visu, mikasi, sindano na vitambaa vya kufyonza damu, na hesabu ya mwisho lazima ilingane na ya mwanzo. Kitambaa kimoja kisipoonekana kinatafutwa, hata ikibidi mgonjwa apigwe eksirei.

Sisemi hospitali zetu zinayatimiza haya kila siku; aliyelala wodini anajua. Nasema tu kwamba katika maana hii ya neno kuna mtu mwenye jina, aliyekubali, mbele ya watu wenye majina, na kuna hesabu.

Jeshi nalo linapenda majina, ila si ya watu. Katika Vita Vikuu vya Pili kila mpango wa kijeshi ulipewa jina la siri, na mwaka 1943 Winston Churchill aliwaandikia maofisa wake kuwaonya wasichague majina ya majigambo wala ya mzaha, kwa hoja kwamba mama aliyefiwa hapaswi kuambiwa mwanawe alikufa katika operesheni yenye jina la kipuuzi. Miaka 11 baadaye serikali ya Churchill huyo huyo iliiletea Nairobi Operesheni Anvil. Anvil ni fuawe, kipande cha chuma ambacho mhunzi hupondea juu yake. Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 jiji lilizingirwa, na maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakusanywa, wakapitishwa mbele ya watoa habari waliofunikwa nyuso, kisha wengi wakasombwa hadi kambi za Lang'ata, Manyani na Mackinnon Road. Kwa Mkenya wa kawaida, huo ndio ulikuwa ubatizo wa neno hili. Nani alikuwa chuma cha kupondwa, jina lenyewe lilisema.

Baada ya uhuru majina yaligeuka Kiswahili, na yakageuka amri. Okoa Maisha, Mlima Elgon, 2008. Linda Nchi, 2011. Linda Boni, 2015. Maliza Uhalifu, Bonde la Ufa la kaskazini, 2023. Ile ya Aprili 2014 iliyowapeleka maelfu ya watu wa Eastleigh, wengi wao Wasomali, kwenye uwanja wa michezo wa Kasarani ili vitambulisho vyao vichunguzwe, iliitwa Usalama Watch, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, labda ili kila anayeamshwa apate nusu yake. Tazama vitenzi: okoa, linda, maliza. Vyote ni vya kuamuru mtu mmoja, na mtu huyo hatajwi. Huko Tanzania, Operesheni Tokomeza, nitakayoifikia, ilikuwa amri ya namna hiyo.

Garissa ilikuwa imeshaonja operesheni zisizo na majina mazuri. Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini, vikosi vya usalama vilivamia mitaa. Mtaa wa Bulla Kartasi ulichomwa moto, na wakazi wakakusanywa kwenye uwanja wa shule ya msingi ya Garissa, wakakaa humo juani. Katika lugha ya serikali hilo lilikuwa zoezi la kuwasaka wahalifu. Wenyeji wanaliita Garissa Gubay, Garissa iliyochomwa. Linganisha majina hayo mawili ujionee nani anaficha na nani anataja: neno la wenyeji limebeba moto ndani yake.

Wajir ilifuata. Februari 1984, katika kilichoelezwa kuwa operesheni ya kuwanyang'anya silaha watu wa ukoo wa Degodia, wanaume walikusanywa kutoka manyatta na vijiji, wakapelekwa kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla, nje kidogo ya mji wa Wajir. Waliwekwa pale kwa siku kadhaa, wakiwa uchi, bila maji, na wengi wakapigwa risasi. Mmisionari wa Kiitaliano, Annalena Tonelli, aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, alizunguka kuokota maiti na majeruhi na kuhakikisha habari inafika nje; hatimaye ilibidi aondoke Kenya. Idadi ya serikali ya waliokufa ilikuwa 57. Wakazi huzungumzia mamia mengi, na wengine maelfu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilisikiliza mashahidi na kutoa ripoti yake Mei 2013, na tarehe 26 Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta, akihutubia Bunge, aliomba radhi kwa niaba ya serikali na kuitaja Wagalla kwa jina.

Hapo ndipo ile hesabu ya vitambaa vya damu inaponirudia. Chumba cha upasuaji hakifungwi mpaka sindano zilingane. Wagalla hesabu haijalingana mpaka leo.

Sasa turudi Hulugho, mwezi Oktoba 2011. Watalii na wakazi wa kigeni walikuwa wametekwa pwani ya Lamu, na tarehe 13 wafanyakazi wawili wa Kihispania wa Madaktari Wasio na Mipaka wakatekwa Dadaab, humo humo Garissa. Tarehe 15 mawaziri wawili walikutana na wanahabari Nairobi: Profesa George Saitoti wa Usalama wa Ndani na Mohamed Yusuf Haji wa Ulinzi. Walisema Kenya itawafuata wapiganaji wa Al-Shabaab hadi ndani ya Somalia. Siku iliyofuata dunia ilijua kwamba majeshi yamevuka. Jambo ambalo wasikilizaji wengi wa Nairobi hawakulizingatia ni kwamba Waziri wa Ulinzi alikuwa mbunge wa Ijara. Sehemu ya mpaka ule ilikuwa ukingo wa eneobunge lake, na Hulugho ilikuwa kura zake. Sijui kiongozi mwingine wa Kenya aliyetangaza operesheni iliyokuwa karibu hivyo na malisho ya wapiga kura wake.

Linda Nchi kama jina halikudumu. Mwaka 2012 wanajeshi wa Kenya waliingizwa rasmi katika kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM. Aprili 2022 AMISOM ikawa ATMIS, na Januari 2025 ATMIS ikawa AUSSOM. Askari wa Kolbio, ambako kambi ya Kenya ilishambuliwa vibaya Januari 2017, anaweza kuhama kutoka jina moja hadi jingine bila kusogeza hema lake.

Vita vilivyopelekwa ng'ambo vilirudi. Tarehe 2 Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa kilishambuliwa na watu 148 wakauawa. Kaunti za Garissa, Wajir, Mandera na Tana River ziliwekewa kafyu, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Septemba mwaka huo ikaanzishwa Operesheni Linda Boni, ya kuusafisha msitu unaoanzia Lamu hadi mlangoni pa Hulugho. Ilitangazwa kuwa ya miezi michache. Miaka ikapita, ikapewa jina jipya, Amani Boni, na ikaendelea. Nililinganisha vitenzi vinavyofuatana na neno hili katika maana zake mbili, na tofauti ni kubwa. Jamaa wanaosubiri nje ya thieta huuliza: imekwisha? Msemaji wa serikali, kila akiulizwa kuhusu Boni, hujibu: inaendelea.

Kwa Waaweer kuendelea huko kuna maana ya tumbo. Mrina asali huingia msituni alfajiri, hukaa humo siku kadhaa, huwasha moto wa kufukuzia nyuki. Moshi msituni wakati wa operesheni ni ishara inayoweza kusomwa vibaya kutoka angani. Shule za msingi za wadi ya Basuba, upande wa Lamu, zilifungwa kwa miaka. Watoto wakahama na wazazi au wakakaa tu. Upande wa Ijara, barabara zilitegwa mabomu, magari ya polisi na ya abiria yakalipuka. Sitaki kusahau upande huu: waliotega mabomu hayo walikuwa watu, wenye nia ya kuua, na wakazi wa Hulugho walitaka walindwe dhidi yao. Neno linda si la uongo. Swali ni nani yuko ndani ya ulinzi huo na nani yuko mbele ya mtutu wake, na jina la operesheni halina pa kulijibia.

Kisha mwaka 2016, msitu ukiwa bado umefungwa, serikali hiyo hiyo iliupa mpango wa huduma za bure za uzazi jina: Linda Mama. Mpango ulisimamiwa na mfuko wa bima ya afya wa wakati huo, NHIF, na ulilipia kujifungua kwa kawaida na kwa upasuaji pia. Fikiria basi mjamzito wa Hulugho wa miaka hiyo ambaye mtoto wake amekaa vibaya. Akianza safari ya kwenda Masalani au Garissa jioni, yuko kwenye barabara inayopita katika eneo la operesheni. Dereva anapunguza mwendo kwenye kila kizuizi, anazima taa kubwa na kuwasha ile ya ndani ili askari aone kwamba aliyelala kiti cha nyuma ni mwanamke anayegugumia. Askari yuko pale kwa amri ya Linda. Mama anakwenda kulipiwa na Linda nyingine. Anakotoka ni operesheni, anakopelekwa ni operesheni. Mwandishi wa hadithi angebuni mkutano huo wa maneno, mhariri angemwambia amezidisha chumvi.

Nje ya Kenya neno lina vituko vyake, nitavipitia mbiombio. Tanzania ndiyo iliyolipenda kuliko wote. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha mamilioni ya watu kutoka mashamba yaliyotawanyika na kuwaweka katika vijiji, wengine kwa hiari na wengi kwa lori, nyumba zao zikibomolewa nyuma yao. Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013 ililenga majangili wa tembo; ikasimamishwa kwa malalamiko ya mateso, mauaji na kuporwa mifugo, na Desemba mwaka huo mawaziri 4 wakapoteza nafasi zao. Na bado katika Jeshi la Kujenga Taifa kila kundi la vijana wanaoingia mafunzoni lina operesheni yake yenye jina, nao hutambuana kwa jina hilo hata wakizeeka, kwa furaha ya watu waliosoma darasa moja. Ni nadra kuona neno moja likiwa kilio kwa baba na urafiki kwa mwana.

Uganda mwaka 2013 wanajeshi walianza kugawa miche ya kahawa na miembe chini ya operesheni ya kuleta utajiri. Kongo ya mashariki imefanyiwa operesheni mpaka majina yakataka kwisha: Umoja Wetu na Kimia ya pili mwaka 2009, Amani Leo mwaka 2010, Sukola mwaka 2014, Shujaa tangu Novemba 2021. Kwa Kilingala kimia ni utulivu na sukola ni kuosha. Mtu wa Masisi angeweza kuwa ameoshwa na kutulizwa mara kadhaa kabla mtoto wake hajamaliza shule ya msingi, iwapo shule ilikuwa wazi.

Niliahidi kurudi kwenye msako. Wahariri wa habari wa Kiswahili wanalo neno hilo na hulitumia kwa wezi wa ng'ombe, kwa chang'aa, kwa matatu mbovu. Likija suala la mpakani, wengi huandika operesheni. Nadhani ni kwa sababu taarifa ya polisi imekuja na neno hilo na saa ya kuchapa imekaribia, na pia kwa sababu linasikika la kitaalamu. Lakini saka ni kitenzi cha mwindaji. Ukiandika "msako", msomaji anauliza papo hapo: nani anamsaka nani, na amempata? Ukiandika "washukiwa watatu wamenaswa katika operesheni inayoendelea Hulugho", hakuna anayeuliza kitu. Ile "katika" imegeuza operesheni kuwa pahali, au hali ya hewa, ambamo watu hujikuta wamenaswa.

Jaribu kuiandika upya bila neno hilo. Askari wa kikosi fulani waliingia nyumba fulani, usiku fulani, wakawachukua watu watatu. Sentensi imerefuka na mwandishi amejiongezea kazi: kikosi kipi, nyumba iko mtaa gani, wamepelekwa kituo gani, familia zimeambiwa nini. Ikimbidi, atapiga simu kwa chifu, kwa mkuu wa kituo, kwa jirani. Chifu, ambaye kila baraza huwahimiza wananchi washirikiane na maafisa wa usalama, ana wajibu wa kujibu. Kushirikiana si kwa upande mmoja.

Majibu hayo yana kazi nje ya gazeti pia. Kifungu cha 49 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na isizidi saa 24 tangu kukamatwa, isipokuwa saa hizo zikiisha nje ya muda wa kazi wa mahakama au siku isiyo ya kazi, ambapo husogezwa hadi siku ya mahakama inayofuata. Saa hizo zinaanza kuhesabiwa kwa mtu, mahali na dakika. Kakake aliyechukuliwa anayekwenda kituo cha polisi Masalani au Garissa kuulizia, akiulizwa ndugu yake alikamatwa lini na nani, hawezi kujibu kwamba alikamatwa na operesheni.